Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Kishikwambi (Sehemu ya Tatu)

Niliahidi kwamba wiki hii tutaingia dukani kununua kishikwambi. Lakini habari za Sweden zimewatia wasomaji wengi wasiwasi: tangu 2023 serikali ya huko imekuwa ikirudisha vitabu vya karatasi na kalamu mikononi mwa watoto, baada ya miaka mingi ya kusambaza vishikwambi hadi shule za awali. Wananiuliza, kama wenzetu wanavirudisha kabatini, sisi tunanunua cha nini?

Kabla sijawajibu: kurudi huko kwenye kalamu kumenikumbusha ubao. Huko Nippur, kusini mwa Iraki ya leo, miaka ipatayo 4,000 iliyopita, shule iliitwa edubba, neno la Kisumeri ambalo hufasiriwa kuwa nyumba ya vibao. Mtoto alipewa kibao cha mviringo cha udongo mbichi, kinachoenea kiganjani. Mwalimu aliandika upande mmoja, mwanafunzi akakigeuza na kuandika yale yale upande wa pili. Udongo uliweza kulowekwa na kufinyangwa upya. London kimehifadhiwa kibao cha nta kutoka Misri, cha karne ya 2 BK: mistari miwili ya Kigiriki kwa mkono wa mwalimu iko juu, na chini yake mwanafunzi ameinakili mara mbili, kwa mkono ambao bado haujatulia.

Nasi pwani tuna wetu, ule wa chuo cha Kurani. Ubao wa marehemu babu yangu bado ninao, kingo zake zimelainika kwa vidole vya watoto waliomtangulia na waliomfuata. Wino ulikuwa wa masizi, kalamu ya mwanzi. Mwalimu aliandika, mtoto akafuata kwa kijiti, alifu, bee, tee, hadi akahifadhi. Ndipo ubao ukaoshwa kwa maji na somo jipya likaandikwa. Tazameni utaratibu huo: ubao haukuoshwa mpaka mtoto asome mbele ya mtu. Mkono uliandika, kosa lilifutika, na palikuwa na sikio la kusikiliza. Haya ndiyo tuliyoyaacha tulipodhani kwamba kioo chenye mwanga kitalea peke yake.

Hata aliyekiwazia kishikwambi hakukusudia mtoto akodolee macho tu. Mwaka 1972 Mmarekani Alan Kay alieleza kifaa alichokiita Dynabook, kompyuta ya kubeba kwa watoto wa umri wote, ili mtoto achore, aandike na atunge mwenyewe. iPad ilipotoka 2010, umbo lilifanana na ndoto yake. Matumizi, majumbani mwetu, yakawa katuni kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kwamba kifaa hiki kinaweza kufundisha, ushahidi tunao hapa hapa. Katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi hawakuwa wamewahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Nasisitiza: masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka mitano programu ya lugha asiyoisikia nyumbani anamtwisha mizigo miwili kwa mara moja.

Sasa dukani, kwa ufupi. Chukua kioo cha inchi 8 au 10, hifadhi ya GB 64, kwa kuwa mfumo wenyewe hula sehemu yake, na kava la mpira. Mwambie muuzaji azime intaneti, kisha ufungue programu ya masomo, isipofunguka, iache. Jaribu spika zaidi ya unavyojaribu kamera. Kishikwambi cha kwanza nilichomnunulia mjukuu wangu kilikuwa na sauti hafifu, "ba" na "pa" zikasikika kitu kimoja, na kwa wiki nzima mtoto akasoma "papa" penye "baba". Tulipokaa naye, nikamtamkia huku nikimwonyesha midomo yangu, alirekebisha jioni ile ile.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama mtoto wako bado hajafika miaka mitano na fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, nunua ubao mdogo na chaki, ukae naye mkekani. Kishikwambi kisubiri.