Tuzo ya Kuanzia Kazi

Huku kwetu chai isiyounguza ulimi haihesabiwi kuwa chai. Nasema hivyo nikiwa mwalimu mstaafu wa Biolojia, mzaliwa wa Marangu, na mnywaji. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, maziwa, maji na majani huchemshwa pamoja kwenye sufuria moja, kisha chai humiminwa na kunywewa palepale. Mgeni akiletewa ya vuguvugu, mama mwenye nyumba ndiye anayeona aibu.

Watafiti waliingia na kipimajoto katika desturi hiyo. Makala yao ilitoka mwaka 2015, na jina la kwanza juu yake ni la Michael Munishi. Wenzake walitoka KCRI, taasisi ya utafiti iliyopo katika hospitali ya KCMC hapa Moshi, na IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Waliwapima watu wazima 188 wa mkoa wetu wa Kilimanjaro wakati wakinywa chai. Pale mtu anapopiga funda la kwanza, wastani wa joto ulikuwa nyuzi 70.6. Wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa na joto zaidi kuliko wale wa chai ya rangi, kwa karibu nyuzi 2, kwa sababu chai ya rangi hupoa haraka mara mbili. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu wa IARC liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani ya umio.

Umio ni ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake ina hila moja mbaya: haiumi mapema. Kwanza nyama inakwama, mtu anasema ni uzee. Kisha ndizi, kisha hata mtori. Anapofikishwa hospitali akiwa anameza maji kwa shida, mara nyingi njia imekwishazibwa na muda wa kutibu umepita. Ugonjwa huu umetanda upande wa mashariki wa bara letu, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Kilimanjaro imo ndani ya ukanda huo. Chai si mshitakiwa pekee. Tumbaku ipo, pombe ipo, na wazee wa mbege wasinitazame hivyo, nao wamo. Upo pia utafiti mkubwa zaidi, ESCCAPE, uliolinganisha wagonjwa na watu wasio na ugonjwa huo katika Kenya, Tanzania na Malawi. Matokeo ya Tanzania na Malawi yaliyochapishwa mwaka 2022 yaliona hatari ikipanda kwa wanaokula na kunywa vitu vya moto sana.

Nimeanza na kipimajoto kwa sababu nataka kuzungumzia tuzo. Tukisikia kijana amepewa tuzo kwa utafiti wa saratani, tunawaza maabara ya ng'ambo, koti jeupe na mashine ya mabilioni. Lakini kuna maswali ambayo hayawezi kuulizwa na mtu asiyejua kwamba chai ya huku haingoji.

Afrika Mashariki ina historia katika tuzo za utafiti wa saratani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu kikafunguliwa Mulago, Kampala, chini ya Mmarekani John Ziegler, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Madaktari hao walionyesha kwamba dawa peke yake, bila kisu, inaweza kumponya mtoto. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani, ambayo watu wa tiba huiheshimu sana, ikawaendea madaktari kadhaa waliotibu saratani kwa dawa. Burkitt na Ziegler walikuwamo, na pamoja nao Mwafrika, Victor Anomah Ngu wa Kameruni. Ziegler alipoondoka katika siku za Idi Amin, aliyeshika usukani ni Mganda Charles Olweny. Kuendesha wodi ya saratani katika miaka ile, dawa zikiadimika na wenzako wakikimbia nchi, kwangu mimi ni kazi inayostahili nishani yake yenyewe.

Sasa, tuzo ziko za namna mbili, na watu huzichanganya. Kuna ya kumaliza: nishani, picha na waziri, makofi. Na kuna ya kuanzia: fedha anazopewa mtafiti asiye na jina ili ajibu swali lake la kwanza. AORTIC, jumuiya ya Afrika ya utafiti na mafunzo ya saratani iliyoanzishwa mwaka 1983, imekuwa ikitoa ruzuku za aina hii ya pili kwa watafiti chipukizi wa bara hili, kwa kushirikiana na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Mimi naipigia kura hiyo. Nishani humkuta mtu ameshafika. Ruzuku ndogo humkuta anapohitaji nauli ya kupanda Rombo na kushuka Machame, posho ya msaidizi anayejua Kichaga, na vipimajoto vichache vya ziada, maana vinavunjika.

Ngazi ya chini zaidi nayo tunayo. Tangu mwaka 2011 kuna Young Scientists Tanzania, mashindano ya wanafunzi wa sekondari ambayo washindi wake wamekuwa wakifadhiliwa masomo ya chuo kikuu na Karimjee Jivanjee Foundation. Nilipokuwa bado nafundisha niliwatuma wanafunzi wa kidato cha tatu wakapime chai nyumbani kwa kipimajoto cha maabara. Babu mmoja alimwambia mjukuu wake, "Ikipoa hiyo si chai tena, ni maji ya kuoshea vyombo." Binti akamjibu kwa adabu, "Shikamoo babu, naomba dakika tano tu, nikuandikie inavyoshuka." Aliandika. Babu alisubiri, huku akinung'unika.

Mkoa wetu umetajirika kwa kahawa, kwa biashara na kwa watalii wa mlimani. Kila Desemba magari ya Wachaga wanaorudi nyumbani yanaziba barabara ya Himo. Fedha za tuzo moja ya kuanzia kwa mwaka, kwa kijana wa hapa anayetaka kuchunguza saratani ya hapa, zinaweza kuchangwa katika harusi mbili za Krismasi. Waamuzi wawe madaktari wa KCMC, na kati yao akae muuguzi wa zahanati ya kijijini, maana yeye ndiye humwona mgonjwa wakati bado anasema ni uzee. Fomu ya maombi isizidi kurasa mbili, na mmoja uandikwe kwa Kiswahili.