Nani Humpa Pole Aliyefiwa na Gorila?

Ng'ombe akifa Nyangezi, karibu na Bukavu, majirani huingia uani kumpa mwenyewe pole, na wala hakuna anayeona ajabu. Kwa Bashi, wenyeji wa huko, ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni maziwa ya mtoto na mbolea ya migomba. Anayemlilia hachekwi. Lakini mtoto aliyezoea kumlisha majani simbilisi mmoja, kati ya wale wanaokimbizana jikoni, akilia siku mnyama wake anapoingia chunguni, ataambiwa anyamaze, wengine watazaliwa.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alitoa kitabu kuhusu huzuni ya namna hii: mtu amefiwa kweli, ila waliomzunguka hawaoni kama ana haki ya kukaa kilio. Anarudi kazini kesho yake kana kwamba hakuna lililotokea, na akithubutu kusema anaumwa moyoni, watu wanatazamana.

Kivu, mashariki mwa Kongo, inalo tukio ambamo huzuni hiyo ilipigwa picha, dunia nzima ikaiona.

Juni 2007, askari wa Hifadhi ya Virunga walimkuta gorila mchanga, jike wa miezi miwili hivi, amemng'ang'ania mama yake aliyekwisha kupigwa risasi. Walimwita Ndakasi. Usiku ule mlezi wake, André Bauma, alimlaza juu ya kifua chake kitupu ili apate joto, wakakesha hivyo hadi asubuhi. Haikuwa mbwembwe. Gorila mchanga hushikilia manyoya ya mama usiku na mchana kwa miezi mingi, na hunyonya miaka mitatu au minne; ukimwacha peke yake chini, hata maziwa yakiwepo, anaweza kufa. Kwa hiyo aliyemwokoa alilazimika kugeuka mwili wa mama: kumbeba, kumlisha, kulala naye kitanda kimoja. Bauma aliwahi kuwaambia waandishi wa habari kwamba anaweza kujiita mama yake.

Mwezi uliofuata mambo yalizidi kuharibika. Tarehe 22 Julai 2007 dume mkubwa Senkwekwe na majike wa familia yake waliuawa kwa risasi, na picha ya Brent Stirton inayoonyesha wanakijiji wakimbeba dume huyo kwenye miti, kama jeneza, ikazunguka duniani. Nyama haikuchukuliwa. Vidole vilielekezwa kwa biashara ya makaa, ambayo hula msitu na huchukia kila anayeulinda. Katika mauaji yale alipatikana yatima wa pili, Ndeze, na wawili hao wakakua pamoja. Kituo kilichojengwa Rumangabo, kaskazini mwa Goma, kwa ajili ya mayatima kikapewa jina la Senkwekwe. Waasi wa M23 walipoiteka Rumangabo mwaka 2012, Bauma alibaki na gorila wake wakati mizinga ikilia.

Wasomaji wengi walimjua Ndakasi mwaka 2019, kupitia picha ambayo askari wa hifadhi, Mathieu Shamavu, alijipiga kwa simu: yeye mbele, na nyuma yake Ndakasi na Ndeze wamesimama wima kama watu wanaosubiri teksi. Watu walicheka, wakaituma kila mahali.

Tarehe 26 Septemba 2021 Ndakasi alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka 14. Stirton alikuwepo tena, na picha yake inamwonyesha Bauma ameketi ameegemea ukuta, gorila mkubwa amejilaza kifuani pake, mkono mmoja umemzunguka. Katika taarifa ya hifadhi Bauma alisema alimpenda kama mtoto, na kwamba uchangamfu wake ulimfanya atabasamu kila walipokutana.

Wapo waliouliza, na si kwa ubaya wote: katika nchi inayozika watu kila wiki, machozi haya ya gorila yanatoka wapi? Swali linastahili jibu, na jibu liko Rumangabo penyewe. Aprili 2020, karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya kifo cha Ndakasi, askari 12 wa hifadhi waliuawa katika shambulio karibu na hapo, pamoja na raia. Zaidi ya askari 200 wamekwisha kufa wakilinda Virunga. Waliomlilia Ndakasi ndio hao hao waliowazika wenzao, na hakuna dalili kwamba kilio kimoja kilikipunguzia kingine machozi.

Karibu zaidi na Bukavu, mwendo wa kilomita 40 hivi kuelekea kaskazini, kazi kama ya Bauma hufanyika kimyakimya. Kituo cha Lwiro, kilichoanza mwaka 2002, kinalea sokwe mtu zaidi ya 100 na nyani wengi wa aina mbalimbali, karibu wote mayatima wa ujangili. Wachanga hukabidhiwa wanawake wa eneo hilo, ambao huwabeba, huwanyonyesha kwa chupa na kulala nao mpaka wazoee wenzao. Kisha kila mlezi hulazimika kumwachia mtoto wake aende kwenye kundi. Hiyo nayo ni namna ya kufiwa, ingawa mtoto yu hai upande wa pili wa wavu.

Wanyama wenyewe je? Mwaka 2019 watafiti walichapisha mambo waliyoyaona kwa gorila wa Rwanda na wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, Kongo. Nchini Rwanda dume kijana, Ihirwe, alikaa siku mbili kando ya maiti ya dume mzee Titus, akalala naye kwenye kiota kimoja. Huku Kahuzi-Biega, kundi la gorila lilikuta maiti ya dume ambaye hakuwa wa kwao. Nao pia walikaa kumzunguka, wakamtazama, wakamlamba. Watafiti walijizuia kusema ni maombolezo. Walichosisitiza ni hatari: kugusa maiti hivyo kunaweza kusambaza Ebola.

Mapenzi ya mtu kwa wanyama hawa yana upande mchungu. Mtoto wa sokwe anayeuzwa kando ya barabara ana mama aliyeuawa, na kikohozi cha anayemnunua kwa huruma kinaweza kumuua mtoto huyo. Sheria ya Kongo namba 14/003 ya Februari 2014 inawalinda wanyama hawa. Mahali pao ni kituo kama Lwiro, si sebuleni.

Na wapo waliokwisha kuipigia hesabu huruma hiyo. Septemba 2022 watu waliingia usiku katika kituo cha sokwe mayatima cha JACK, Lubumbashi, wakaiba sokwe wachanga watatu, kisha wakatuma video ya mateka wao na kudai fidia. Franck Chantereau, mwanzilishi wa kituo, aliyewalea yeye na mkewe, alikataa kulipa: fedha hazikuwepo, alisema, na zingekuwepo, wezi wangerudi tena.