Mimea Iwindayo Wadudu: Ukoo Haujulikani kwa Silaha

Askari akiitazama sare na silaha ya mwenzake hutambua mara moja kuwa ni wa kikosi gani. Wataalamu wa mimea nao, kwa muda mrefu, waliipanga mimea ilayo wadudu kwa kanuni kama hiyo: waliutazama mtego wake. Tukubali kwamba hata sisi tungalifanya vivyo hivyo.

Drosera, iotayo katika vinamasi vya nyanda za juu za Burundi, ina majani yenye vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone la ulimbo. Mdudu akitua hunasa. Vinywele humwinamia polepole, kisha maji makali ya mmea humyeyusha. Utricularia, ikaayo majini, haina subira hiyo. Vifuko vyake husukuma maji nje, na kijidudu kikigusa kinywele cha mlangoni hufyonzwa ndani upesi kuliko jicho liwezavyo kuona. Nepenthes ya Madagaska na Sarracenia ya Marekani hutega magudulia yenye maji, mdudu akateleza akazama. Yote hayo ni kwa sababu ardhi yao ina upungufu wa naitrojeni.

Mwaka 1981, Mmarekani Arthur Cronquist bado aliziweka Drosera, Nepenthes na Sarracenia katika oda moja. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1992, na mwingine baada yake, uliuvunja mpango huo. Ikaonekana kwamba Drosera na Nepenthes ni ndugu wa mbali wa mchicha, yaani lengalenga ziuzwazo na akina mama wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Sarracenia, ingawa gudulia lake lafanana na la Nepenthes, iko upande wa chai ilimwayo Teza. Utricularia ni ya upande wa ufuta na mrehani.

Jambo hili lawagusa walinzi wa nchi kwa njia ya jikoni. Shirika la ONATOUR lilianzishwa mwaka 1977 kuchimba udongo mweusi wa vinamasi, ambao ukikaushwa huwaka kama makaa, na udongo huo umepikia kambi za jeshi na magereza. Miti mingi imenusurika kwa ajili hiyo. Lakini kinamasi kikikaushwa, Drosera haina pa kuhamia. Penye rutuba husongwa na majani marefu. Ndugu askari apitaye doria kando ya kinamasi atazame chini: kimmea chekundu kinachometa kama chenye umande, hata jua likiwa utosini, ndicho hicho.