Kompyuta ya nyumbani inapochangia utafiti wa magonjwa

Mtoto akikuambia kompyuta yake "inatafuta dawa", huenda hatanii. Tangu mwaka 2000, mradi wa Folding@home ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, huwaomba watu wachangie nguvu ya kompyuta zao zisipokuwa na kazi.

Kila kompyuta hupewa kipande cha hesabu kuhusu jinsi protini zinavyojikunja. Protini zilizojikunja vibaya huhusishwa na magonjwa kama Alzheimer. Mwaka 2020 mradi huo ulichunguza pia protini za virusi vya korona.

Programu zake huandikwa kulingana na uwezo wa prosesa, ili hesabu ziishe haraka. Hapo ndipo mzazi awe macho: prosesa inayotumika kwa nguvu zote hupata joto na hula umeme. Bili ni yako.

Kabla ya kukubali, hakikisha programu imepakuliwa kwenye tovuti ya mradi wenyewe. Punguza kiwango cha prosesa kinachotumika. Laptopu ikae mezani, si juu ya godoro au mto, maana matundu ya hewa yakizibwa joto huzidi. Wakati wa kulala, izimwe.