Hesabu ya Maji katika Makaroni ya Kuoka

Sinia likitua mezani kwenye karamu ya komunio ya kwanza hapa Kalemie, watu hutazama juu tu. Rangi ni ya dhahabu, jibini limeshika, pembeni kumekauka vizuri. Kisu kikiingia ndipo ukweli unapotoka: chini makaroni yamegandamana kama mkate uliolala, nyama imekuwa punje kavu, na sosi haijulikani ilikokwenda. Nimepika chakula hiki miaka mingi na kuwafundisha wengine kukipika, na hakuna jambo ninaloulizwa zaidi kuliko hilo la sosi kupotea.

Sosi imenywewa na makaroni yenyewe. Karibu kila kosa katika chakula hiki linaanzia hapo.

Makaroni makavu ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji, ukapewa umbo, kisha ukakaushwa. Ndani yake kuna wanga, na wanga ukifika joto la nyuzi 60 hivi huanza kuvuta maji na kuvimba. Protini ya ngano huuzunguka kama wavu ili usimwagike. Nusu kilo ya makaroni makavu ikiiva kabisa hupita kilo moja, maana yake imemeza zaidi ya nusu lita ya maji. Kiu hiyo haiishi pale unapoyachuja. Yakikaa kwenye moto wa kuoka kwa dakika 40 huendelea kuvuta unyevu wowote ulio karibu nayo. Kwa hiyo yatolewe majini kabla hayajaiva, na sosi iende motoni ikiwa nyepesi kuliko unavyoipenda. Sosi inayokuridhisha ikiwa bado sufuriani ni nzito mno kwa kuoka.

Tuanze dukani. Geuza pakiti usome maandishi madogo. Kama ya Kifaransa yanasema semoule de blé dur, hiyo ni ngano ngumu, yenye protini ya kutosha kuushika wanga. Makaroni ya ngano laini huwa na bei nafuu, na kwa supu ya watoto yanafaa, lakini yakichemshwa na kisha kuokwa hugeuka uji. Chagua yale mafupi yenye tundu pana, kwa maana sosi huingia ndani ya tundu na kubaki humo. Spageti huokwa pia, ila sosi yake hushuka yote chini.

Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zichukue kama makadirio. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji ya Kalemie huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Tofauti si kubwa, lakini inatosha kukufanya uyaamini meno yako kuliko saa. Pakiti ikisema dakika 10, onja kwenye ya sita. Kata kipande kimoja kwa jino utazame ndani: ukiona nukta nyeupe katikati, na nje kumelainika, umefika. Yachuje hapo hapo.

Vitabu vingi huagiza lita tano za maji kwa nusu kilo ya makaroni. Anayebeba bidoni kichwani kutoka bombani hana sababu ya kutii agizo hilo. Lita tatu zinatosha, mradi ukoroge bila kuacha katika dakika mbili za kwanza, kwani ndipo wanga wa juu unapokuwa kama gundi na vipande hushikana. Chumvi ni kijiko kimoja na nusu cha mezani. Kabla ya kuchuja, chota vikombe viwili vya yale maji mazito uyaweke kando. Na usiyasuuze makaroni kwa maji baridi. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na ni kosa: unaosha ule wanga unaoifanya sosi ishikamane.

Sasa nyama, na hapa naomba subira, kwa sababu ladha yote iko hapa. Nunua kipande, usinunue iliyosagwa. Shingo au kidari, mahali ng'ombe alipofanya kazi, pana nyuzi za kolajeni, na kolajeni ikipikwa taratibu kwa muda mrefu huyeyuka ikawa utelezi unaoipa sosi uzito bila kuongezwa unga. Ikate kwa kisu kikali vipande vidogo kama punje za mahindi. Ni kazi ya dakika 20 na mkono utachoka, lakini nyama iliyokatwa hubaki na maji yake, ilhali mashine huiponda. Ipo na sababu ya afya. Vijidudu vya nyama hukaa zaidi juu ya uso wake. Mashine huvichanganya hadi ndani, na kama mashine yenyewe haikuoshwa, unapata na vya jana. Nyama ya kusaga ikibidi, ipikwe siku hiyo hiyo, iive mpaka isibaki sehemu nyekundu.

Gramu 700 zinatosha kwa nusu kilo ya makaroni. Zifute kwa kitambaa safi, pasha mafuta kwenye chombo kipana, na ukaange kidogo kidogo, mafungu matatu au manne. Ukimimina zote kwa pamoja chombo kinapoa, nyama inatoa maji, na maji yakiwepo joto haliwezi kupita nyuzi zile 97. Nyama inachemka, inabaki ya kijivu. Ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuita majirani huja kwa haraka joto likifika nyuzi 140 hivi, protini na sukari za nyama zinapoungana. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alianza kuueleza muungano huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Anayeruka hatua hii hawezi kuifidia baadaye kwa vibao vya supu vya dukani.

Nyama ikitoka, ndani ya mafuta yale yale weka vitunguu viwili na karoti moja, vyote vimekatwa vidogo, na majani ya seleri. Mimi huongeza kijiko kimoja cha mawese. Wako wanaosema mawese ni ya sombe na hayana kazi katika chakula cha Wazungu. Nakataa. Kijiko kimoja hakitawali. Huipa nyanya rangi na ladha ya kwetu, na mlaji hatambui ni nini, anajua tu kwamba ni tamu. Kisha kitunguu saumu, kisha vijiko viwili vya nyanya ya kopo vikaangwe mpaka viwe na rangi ya tofali, kisha kilo moja ya nyanya mbichi zilizomenywa. Rudisha nyama, ongeza nusu lita ya maji, funika nusu, punguza moto. Saa moja na nusu, au mbili.

Mjini Bologna, Italia, wenye sosi hii waliandikisha mapishi yake kwenye Chemba ya Biashara tarehe 17 Oktoba 1982, na humo kuna maziwa, huku nyanya zikiwa kidogo tu. Maziwa nayakubali: nusu kikombe mwishoni hulainisha ukali wa nyanya. Katika nyanya siwafuati, kwa sababu sosi yao ni ya kumwagiwa juu ya tambi zilizoiva, na yetu inakwenda kunywewa.

Kuna tabaka la pili la historia ambalo liko karibu nasi zaidi. Miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walianza kuvua ndagala katika ziwa hili kwa nyavu kubwa za kuzungushia. Kwa Wagiriki makaroni ya kuoka yanaitwa pastitsio, na sura yake ya leo, ile ya kufunikwa na sosi nyeupe ya maziwa, inahesabiwa kuwa kazi ya mpishi wao Nikolaos Tselementes, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20. Wamisri nao wana yao, na imeenea hadi Uarabuni. Nilichochukua kwa Wagiriki ni mdalasini: kijiti kimoja ndani ya sosi ya nyama, kitolewe mwishoni. Kwa watu waliozoea viungo vya pilau hayahitajiki maelezo zaidi.

Neno moja kuhusu chombo. Nyanya ni chachu, na uchachu hula alumini. Sufuria zile nzito zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu zinaweza kuachia na risasi ndani ya chakula. Kwa sosi inayokaa motoni saa mbili tafuta chombo cha enameli au cha chuma kisichoshika kutu, na kama huna, angalau usiilaze sosi usiku kucha ndani ya sufuria ya alumini.

Sosi nyeupe haina siri. Yeyusha gramu 60 za majarini, koroga humo gramu 60 za unga wa ngano kwa dakika mbili bila kuuacha ubadilike rangi, kisha mimina polepole robo tatu ya lita ya maziwa ya vuguvugu. Maziwa ya unga yanafaa kabisa, gramu 100 hivi kwa kiasi hicho cha maji. Iache itokote kwelikweli dakika tatu, la sivyo utaonja unga mbichi. Chumvi, kungumanga kidogo. Epua, ipoe kiasi, piga yai moja na kulichanganya ili sosi ishike ikikatwa. Kama gurudumu la jibini la Masisi limefika mjini, paruza kiganja kimoja ndani na kingine cha kunyunyiza juu. Vita vya Kivu vimeifanya safari ya jibini hilo kuwa ngumu, na siku lisipopatikana mimi huponda mkate mkavu, nauchanganya na majarini iliyoyeyushwa, nao unatoa juu panapovunjika vizuri mdomoni.

Sasa panga: sosi ya nyama kidogo chini, makaroni yaliyokwisha kuchanganywa na sosi iliyobaki pamoja na kikombe kimoja cha maji yale uliyoweka kando, halafu sosi nyeupe juu. Inamisha chombo. Sosi nyekundu ikikimbilia upande ulioinama, iko sawa. Isipotembea, ongeza kikombe cha pili.

Moto. Umeme wetu hutoka kwenye mtambo wa Bendera, mto Kiyimbi, kaskazini mwa mji, na kila mtu hapa anajua kwamba tanuru la umeme huweza kuzimika chakula kikiwa nusu. Ndiyo maana nafundisha kuoka kwa jiko la mbabula, na kwa makala, kama sisi tunavyouita mkaa. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko wa chuma ulio bapa. Mwaga ndani mchanga mkavu unene wa vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu kama mafiga, na juu ya vijiwe weka chombo cha makaroni. Mchanga husambaza joto ili chini pasiungue. Funika, kisha pakia makala yaliyoshika moto juu ya mfuniko.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Moto wa chini unaivisha, wa juu unatia rangi, na makaroni yetu yameiva karibu yote. Kinachotakiwa ni rangi. Basi gawa makala mafungu matatu: moja chini, mawili juu. Unataka joto la nyuzi 180 hadi 190. Ukikosa kipimo, pasha sufuria kwanza na uweke ndani kijiko cha unga juu ya kipande cha bati. Baada ya dakika tano unga ukiwa na rangi ya mchanga wa ufukweni, tia chakula. Ukiwa mweusi, ondoa makala kiasi. Oka dakika 35 hadi 40, na usifunue kabla ya nusu saa, maana kila ukifunua, joto lote linaondoka na jivu linaingia.

Fanya kazi hii uani au barazani. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Mvua ikinyesha, ahirisha karamu ya makaroni, mle bukari, yaani ugali, na samaki wa mikeke.

Kikitoka motoni usikikate. Dakika 20 kikae, sosi irudi mahali pake na wanga ushike. Wageni wataona unawachelewesha, waache waone.

Chakula hiki kinatosha watu wanane, na kwa nyumba isiyo na friji napika kiasi cha watu waliopo, basi. Kuna bakteria iitwayo Bacillus cereus ambayo mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na wali au makaroni yakikaa nje katika joto letu kwa saa nyingi huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo haiishi kwa kupasha chakula upya. Mwaka 2008 mjini Brussels kijana wa miaka 20 alikula spageti iliyokaa jikoni siku tano bila ubaridi, akafa kabla ya asubuhi. Saa mbili baada ya kuepua, kilichobaki kipelekwe kwa jirani kingali cha moto, au kiingie kwenye ubaridi wa kweli.

Pembeni mwa chombo, pale sosi iliposhika chuma na makaroni yakawa magumu, meusi kidogo, yanayolia chini ya jino, watoto watapagombania. Hapo mimi hukwangua kwa mwiko, na fungu la kwanza nampa aliyekaa saa nzima akipepea makala.