Kufundisha Usafishaji wa Rejeta

Somo la kusafisha rejeta ya gari hufundishwa mara nyingi kama orodha ya amri: fungua, mwaga, jaza. Sisi twaona lianzie jikoni. Mwanafunzi wa Handeni, wilaya yenye shida ya maji, ambako hutekwa popote yapatikanapo, aujua ukoko mweupe ushikao ndani ya birika. Ukoko wa namna hiyo, pamoja na kutu, huziba vijibomba vya rejeta, nalo joto la injini hukosa pa kutokea. Wenzetu wa Korogwe, wenye Mto Pangani karibu, wasidhani wameokoka: maji ya mto hubeba tope.

Kabla ya tendo lolote mwalimu asisitize kwamba mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto. Maji yaliyogandamizwa hupita nyuzi 100 za Sentigredi bila kuchemka. Mfuniko ulegezwapo, huruka pamoja na mvuke usoni mwa mfunguaji. Hapa hapana majaribio.

Injini ikishapoa, maji machafu yakingwe kwa karai. Rejeta ijazwe maji safi, injini iwashwe mpaka mpira wa juu upate moto, dalili kwamba thamostati imefunguka na maji yazunguka kote. Kisha izimwe, ipoe, maji yamwagwe. Hurudiwa hivyo hadi yatoke maangavu. Yakionekana na mafuta, kusuuza hakutoshi: gasketi ichunguzwe.

Hatimaye hutiwa dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi. Ya mvua yaliyokingwa vizuri yashinda ya kisima. Yale ya karai yasimwagwe majanini, kwani dawa nyingi zina glaikoli, sumu yenye utamu, na mbuzi hawasomi vibandiko.