Nafasi ya Mwenda kwa Miguu katika Upangaji wa Mitaa: Mfano wa Mukuru, Nairobi

Upangaji shirikishi ni utaratibu ambapo wakazi huamua, wakiwa pamoja na wataalamu na serikali, jinsi ardhi, njia na huduma za mtaa wao zitakavyokuwa. Utaratibu huu ni kinyume cha ule wa mazoea, ambapo ramani huchorwa ofisini na mkazi akapata habari tingatinga likiwa mlangoni. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kadhalika, njia usiyoipita hujui hatari zake.

Ukweli huu unadhihirika katika mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani jijini Nairobi. Mitaa hii inapakana na Eneo la Viwanda, na wengi wa wakazi huenda kazini kwa miguu. Vichochoro vingi ni vyembamba mno, hata gari la zimamoto hushindwa kupenya nyumba ziteketeapo. Mvua inyeshapo, njia hugeuka matope. Giza liingiapo, apitaye hana uhakika wa usalama wake.

Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza mitaa hiyo kuwa Eneo Maalumu la Upangaji. Eneo hilo lina zaidi ya ekari 600 na takriban kaya 100,000. Muungano wa Wanavijiji, jumuiya ya wakazi wa mitaa duni iliyoasisiwa mwaka 1996, ulishirikiana na kaunti, vyuo vikuu na mashirika mbalimbali. Kaya zilikusanywa kumi kumi ili kila kundi liwe na sauti.

Suala lililohitaji busara zaidi ni upana wa barabara. Iwapo kanuni za kawaida zingefuatwa, nyumba nyingi mno zingebomolewa. Je, barabara pana ina faida gani ikiwa aliyeihitaji amefukuzwa? Ndiposa mpango ukaelekea kwenye njia nyembamba kuliko zilivyotaka kanuni, ili wapitao wapate nafasi na wakaao wabaki na makao.

Kuanzia mwaka 2020, baadhi ya barabara zilitengenezwa. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walipoteza makao, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara. Ni dhahiri kwamba mpango mwema pekee si ngao, sharti uheshimiwe.

Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10, na katika Kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivi viwili havitengani, kwani mtu hawezi kuujadili mpango ambao istilahi zake hazielewi. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu: kuzifasiri istilahi za upangaji kwa lugha nyepesi, ili mwenda kwa miguu aisome ramani ya njia yake kabla haijapitishwa.